Makofi Tuliyompigia Darius

Mimi naitwa Généreuse, na kabla hujaniuliza nakujibu: ndiyo, nilikuwepo, na nilipiga makofi. Nilivaa kitenge cha njano, nikasimama mstari wa mbele wa kwaya, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Siwezi hata kukana, maana miaka miwili baadaye nilijiona kwenye televisheni ya mahakama hapa Toronto, kinywa wazi, natoa vigelegele, na watu kumi na wawili nisiowajua wananikodolea macho. Lakini habari hii si yangu. Ni ya rafiki yangu Épiphanie na mdogo wake.

Tulifahamiana kambini Kigoma mwaka tisini na sita. Mimi nilikuwa mwenyeji pale, nimekulia palepale, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha Kigoma kuliko cha Bujumbura. Yeye alifika akiwa na miaka ishirini na miwili, ana sufuria moja na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Wazazi wao walibaki Burundi, na unajua nikisema walibaki nina maana gani. Mtoto ndiye Darius. Épiphanie alimlea, alimsomesha, alikataa wachumba wawili kwa ajili yake, na mmoja wa wale wachumba alikuwa mtu wa maana kabisa, nilimwambia hivyo hivyo akanifukuza kwenye hema lake.

Mwaka 2004 tukaletwa Kanada. Tukajikuta Rexdale, pembeni mwa Toronto, jengo moja, mimi ghorofa ya kumi na moja, wao ya kumi na mbili, basi la Kipling linapita chini ya dirisha. Épiphanie akapata kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, na kuhakikisha kwamba vidonge alivyogawa nesi vimemezwa kweli. Hilo la mwisho ndilo lililompa sifa. Wazee wa kizungu wana ujanja, usiwaone vile! Wanaficha kidonge chini ya ulimi, wanakitema kwenye leso, kuna bibi mmoja alikuwa anavipanda kwenye chungu cha maua. Kwa Épiphanie hakuna aliyefua dafu. "Fungua kinywa. Ulimi juu. Ulimi kushoto. Haya, asante bibi." Hata mimi nilipoumwa kichwa akanipa dawa, alinisimamia hivyohivyo, eti ulimi juu. Nikamwambia mwenzangu, mimi sijafika huko bado.

Darius naye alikua akapata kazi ghalani, kule karibu na uwanja wa ndege, kupakia maboksi. Aliyemtafutia kazi ni Leonce, Mrundi mwenzetu wa ghorofa ya nne, mume wa Iteka, baba wa watoto wawili. Leonce alikuwa anaimba besi kwenye kwaya, anasimama nyuma yangu kabisa, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake. Kila siku ya kazi alimpakia Darius kwenye gari lake, akamrudisha. Hakumdai hata mafuta.

Darius akaanza kuumwa mwaka 2008, majira ya baridi yakiingia. Kwanza alijaza soksi kwenye tundu la hewa la chumbani. Halafu akagoma kupanda basi, kwa sababu ile sauti ya mashine inayotaja vituo ilikuwa inamtaja yeye. "Dada, imesema jina langu kati ya kituo na kituo," alimwambia Épiphanie. Tulicheka, Mungu atusamehe. Siku alipojifungia bafuni siku nzima akizungumza na bomba, Épiphanie hakucheka tena, akampeleka hospitali. Walimlaza siku tisa. Daktari akasema ni ugonjwa wa akili, akautaja jina, akaandika vidonge vyeupe, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Na vilimsaidia! Nataka ulisikie hilo vizuri. Baada ya wiki sita Darius alikuwa anakula, analala, anatania, amerudi kazini. Dada yake alimsimamia kama anavyowasimamia wale wazee, asubuhi na jioni, ulimi juu, ulimi kushoto. Alinenepa kidogo na alikuwa anasinzia sinzia. Ndiyo bei yake, na ilikuwa bei nafuu.

Alikuwa anasinzia mpaka kanisani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kanisa letu lilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi, na mchungaji wetu, Bernard, siku za wiki alikuwa anauza bima. Mtu wa suti, mtu wa manukato, mkono laini kama wa mtoto. Akamwona kijana anasinzia katikati ya mahubiri yake, akauliza kulikoni. Épiphanie, ambaye hajui kuficha, akamweleza kila kitu. Mchungaji akasikitika sana, akatikisa kichwa, akasema hili si la hospitali. Akapanga Ijumaa tatu za maombi, na baada yake Jumapili ya ushuhuda.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, la sivyo hutaelewa kitu. Kwetu ushuhuda hausubiri mtu apone. Unatangulia. Unasimama mbele, unashika maiki, unasema nimepona, kwa imani, na mwili unatakiwa ukufuate. Mimi mwenyewe nilishashuhudia kwamba goti langu limepona, nikarudi kwenye kiti changu nachechemea, na hakuna aliyeona ajabu. Kuna dada alishukuru kwa viza ya mumewe, kanisa zima tukaruka ruka, na hiyo viza haijatoka mpaka kesho. Kila mtu mle ndani anajua mchezo ulivyo. Tunaambiana sisi kwa sisi, tunapeana moyo. Haikutupitia akilini kwamba mtu wa nje angekaa siku moja atusikilize na kuchukua kila neno lilivyo.

Na ushuhuda una sharti lake. Ukishashuhudia, dawa huzigusi. "Huwezi kumshukuru Mungu Jumapili halafu Jumatatu ukameza shaka," Mchungaji Bernard alimwambia Épiphanie. Na yule dada, yule ambaye kidonge cha bibi wa kizungu hakikuwahi kumpita, Jumamosi ile alisimama chooni kwake akamimina chupa nzima. Aliniambia baadaye kwamba alivuta maji mara tatu kwa sababu vilikuwa vinaelea.

Jumapili yenyewe ilikuwa mwezi wa nne, 2009. Kanisa letu lilirekodi kila ibada, na DVD ziliuzwa mezani pale mlangoni. Darius alipanda jukwaani na shati jeupe, dada yake pembeni. Akasema, "Naitwa Darius. Nilikuwa nasikia sauti. Sasa sizisikii. Nina akili timamu. Nimepona." Épiphanie akashika maiki naye: "Mimi dada yake nashuhudia, anakula, analala, amepona." Weee! Ukumbi ulilipuka. Mimi na kitenge changu cha njano ndiyo nilikuwa wa kwanza. Mchungaji akanyanyua mikono: "Pepo limetoka! Na sasa linazunguka, linatafuta nyumba nyingine! Wewe uliye karibu naye, jifunike kwa maombi!" Tukacheka, tukajifunika vichwa kwa mikono, ikawa raha tupu. Leonce nyuma yangu alicheka kuliko wote.

Darius hakucheka. Alikuwa anaangalia kwaya. Sikumwona siku ile, nilimwona baadaye, kwenye DVD.

Siku kumi na moja zikapita. Alhamisi mchana Leonce alishuka chini kwenye chumba cha kufulia kuchukua nguo za watoto kwenye mashine. Darius akashuka nyuma yake na kisu cha jikoni. Sitasema zaidi ya hapo, Iteka bado yuko hai na anaweza kusikia. Polisi walipofika walimkuta Darius amekaa kwenye kiti cha plastiki, kifua wazi, mashine mbele yake inazunguka. Mle ndani alikuwa ameweka shati lake, viatu vyake, na Biblia yake. Walipomuuliza anafanya nini, alisema anasubiri imalize.

Sasa sikiliza uchafu wa watu. Jumapili iliyofuata DVD za ushuhuda wa Darius hazikuwepo mezani. Mchungaji Bernard alizikusanya zote kimyakimya, na kwenye mazishi ya Leonce akasimama na suti nyeusi akasema kanisa limefanya sehemu yake, pepo lilitoka, kilichobaki kwa yule kijana ni dhambi yake mwenyewe. Unaona alivyolipanga? Kama Darius alikuwa mgonjwa, basi uponyaji ulikuwa maneno matupu. Kama uponyaji ulikuwa wa kweli, basi Darius ni muuaji mwenye akili zake. Ilibidi kimoja kife, na mchungaji hakufikiria mara mbili kipi. Nami nilikaa pale nikaimba. Besi nyuma yangu hakuna, nami naimba.

DVD moja hakuipata. Ilikuwa kwa Épiphanie, chini ya televisheni, na polisi waliondoka nayo.

Kesi ilisikilizwa 2011. Serikali ilimpa Darius wakili, mama mmoja anaitwa Azmina, Mwismaili aliyezaliwa hapahapa, wazazi wake wa Bukoba. Kiswahili alikuwa anakisikia chote, kukisema alikisema cha jikoni, lakini alikisema bila aibu, na mimi nilimpenda kwa hilo. Alikuja nyumbani kwa Épiphanie, akanywa chai, akatueleza.

"Mama, hakuna anayebisha kwamba Darius ameua," alisema. "Swali moja tu. Siku ile, ugonjwa ulimzuia kujua anafanya nini, au kujua kwamba ni vibaya? Na hawa wa juri, raia kumi na wawili wanaoamua kesi, hawatakiwi kutuonea huruma. Ni sisi tunaotakiwa kuwaonyesha kwamba yaelekea zaidi alikuwa mgonjwa kuliko kwamba hakuwa. Wote kumi na wawili wakubaliane."

"Wakikataa?" Épiphanie akauliza.

"Jela. Kifungo cha maisha."

"Wakikubali?"

"Hospitali yenye mlango wa kufunga. Haachiwi tu, wasikudanganye watu. Kila mwaka kuna bodi inamwangalia. Lakini atapata dawa." Akaweka kikombe chini. "Mama, mwendesha mashtaka ana DVD. Darius anasema mwenyewe ana akili timamu. Na dawa hazikuchukuliwa tena dukani, kwa hiyo atasema aliacha kwa sababu alipona. Nani anajua kwa nini aliacha?"

Épiphanie alikuwa anaangalia mikono yake. Mimi nilikuwa sijui bado, nikadhani ni huzuni. Wakili alipoondoka ndipo akaniambia habari ya choo na maji mara tatu. Nilikasirika nikatamani kumzaba kofi, halafu nikakumbuka kitenge changu cha njano.

Jumamosi iliyofuata Mchungaji Bernard akaja, yeye na mkewe, na katoni ya juisi. Walinikuta pale. Sijui nani alimpelekea habari kwamba Épiphanie ataitwa kutoa ushahidi. Akakaa kwenye kochi, akavuta suruali juu kidogo isikunjike, akaanza kwa sauti ya asali.

"Dada yangu, ukisimama pale ukasema ulidanganya madhabahuni, utamtukanisha Mungu mbele ya wapagani. Nakuonea huruma. Na kazini kwako je? Mtu anayetupa dawa za mgonjwa, nani atamwachia wazee?"

"Mchungaji, wewe ndiye uliyemwambia," nikadakia.

"Mama Généreuse, mimi niliombea. Sikugusa chupa ya mtu." Akamgeukia Épiphanie tena, akatabasamu. "Kaa kimya tu. Kunyamaza si uongo."

Loo! Nimeona mengi kambini, nimeona watu wakiiba chakula cha watoto, lakini yule bwana na juisi yake walinitia kinyaa kuliko wote. Walipotoka niliimwaga juisi kwenye sinki. Épiphanie aliniambia niache, ni chakula.

Basi tukaenda mahakamani. Épiphanie, kwa kuwa ni shahidi, hakuruhusiwa kuingia kabla ya zamu yake, akakaa kwenye benchi la korido. Mimi niliingia, nikakaa nyuma, mstari mmoja na Iteka, viti vitatu katikati yetu. Darius alikuwa ndani ya kizimba, mwembamba, mwenye usingizi. Walikuwa wanampa dawa. Nilimpungia mkono akaniangalia akainamisha kichwa.

Na wale kumi na wawili. Raia tu, wameitwa kwa barua ya posta, hakuna aliyesomea kitu. Mama mmoja wa sweta ya kijivu anaandika kila neno. Bwana mmoja mwenye shingo nene, amekunja mikono tangu asubuhi. Binti anang'ata kucha. Nikaanza kuwahesabu: yule wa sweta ni wetu, yule wa shingo ametufunga tayari, yule wa kucha anafuata upepo. Nilikuwa nimewachukia kabla hawajafungua kinywa. Nani kawapa hawa ruhusa ya kuingia kichwani mwa kijana wa Kirundi wakati hata jina lake hawawezi kulitamka?

Mwendesha mashtaka akamwita Mchungaji Bernard. Alikula kiapo, mkono laini juu ya Biblia. Akasema ndiyo, alimwombea, ndiyo, kijana alipona, alimwona kwa macho yake ametulia, ana akili timamu. Ndiyo, kanisani kwao ushuhuda ni jambo zito, mtu hasemi asilokuwa na hakika nalo. Alisema hivyo bila kupepesa! Na mimi nilimwona wakati ule wa viza, aliruka kuliko wote.

Halafu wakaweka DVD. Nikajiona. Yule mwanamke wa njano anapiga vigelegele kama hana akili, na nyuma yake Leonce, mzima, meno yote nje, anapiga makofi. Iteka alitoa mlio, akauziba kwa mkono. Mkalimani, kijana wa Kikenya, alitafsiri vizuri, neno kwa neno, na ndilo lililokuwa baya. Nina akili timamu. Nimepona. Yule mama wa sweta ya kijivu aliandika, akapigia mstari. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

Daktari wa upande wetu alieleza kwamba ugonjwa ule haupotei kwa wiki tatu, dawa ndiyo ilikuwa imeushika, na Darius aliamini anaua kitu kilichomvaa Leonce. Daktari wa upande wa pili akasema alikuwa mgonjwa kiasi, ila alijua ni kosa, ndiyo maana aliosha shati. Azmina akasimama akauliza swali moja tu: "Na Biblia aliiosha kwa nini?" Daktari akasema labda ni kuchanganyikiwa. Yule bwana wa shingo nene akafungua mikono yake kwa mara ya kwanza.

Siku ya tatu wakamwita Épiphanie. Alivaa sare yake ya kazini, suruali ya bluu na blauzi ya maua, maana zamu yake ilikuwa inaanza saa tisa mchana. Azmina akamuuliza nani aliacha kumpa Darius dawa.

"Mimi. Nilizimwaga chooni."

"Kwa nini?"

"Mchungaji alisema ukishuhudia humezi tena. Darius hakutaka. Aliniuliza, Dada, na zikirudi zile sauti? Nikamwambia zikirudi tutaomba."

Sikujua hilo. Nilishika kiti cha mbele yangu. Akaendelea kueleza, mkalimani akimfuata, kwamba kwenye kanisa lao mtu husema amepona kabla ya kupona, kila mtu anajua, na kwamba usiku wa kuamkia Jumapili ile Darius alilala chini ya kitanda, amejifunga taulo masikioni. Mwendesha mashtaka aliinuka taratibu. Hakuwa mkali. Bora angekuwa mkali.

"Mama, kwenye video ulisema amepona. Ulijua si kweli?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Ndiyo."

"Kanisani. Mbele ya Mungu unayemwamini."

"Ndiyo."

"Uliweza kumdanganya Mungu kwa ajili ya mdogo wako. Kwa nini ushindwe kuwadanganya watu kumi na wawili?"

Jamani. Mchungaji Bernard, aliyekuwa amemaliza ushahidi wake na kukaa upande wa pili, aliangalia saa yake.

"Kule walinipigia makofi," Épiphanie akasema. "Nilisema wanachotaka, wakanikumbatia. Hapa nikitoka sina kanisa. Kazi yangu ni kuwapa wazee dawa, na sasa mmesikia nilichofanya, kwa hiyo pengine sina kazi. Na yule pale ni Iteka. Nimemwambia mbele ya watu kwamba nilijua, na mume wake aliendelea kumpakia mdogo wangu kwenye gari. Mtu anadanganya ili apate kitu. Mimi hapa nimepata nini?"

Mwendesha mashtaka alimwangalia, akakaa chini.

Koridoni Iteka alimfuata. Niliingiwa na hofu, nikasogea katikati yao. Lakini hakumgusa. Alisema kwa Kirundi, polepole: "Siku kumi na moja. Tulikuwa tunapanda lifti pamoja. Kwa nini hukuniambia? Ningemzuia." Iteka akasubiri kidogo, akachukua koti lake, akaondoka. Mimi sina jibu la kumpa Iteka, na sijamsikia mtu mwenye nalo.

Jaji aliwaeleza wale kumi na wawili sheria kwa muda wa nusu siku, akawafungia. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili wakatuma karatasi: wanataka kuiona DVD tena. Wakaletwa, tukakaa wote, nikajiandaa kujiona na njano yangu. Kumbe hawakutaka kipande cha nimepona. Walitaka kinachofuata, nusu dakika tu, pale mchungaji anaposema linazunguka linatafuta nyumba, wewe uliye karibu naye. Na pale, sote tukiwa tunacheka tumejifunika vichwa, ndipo nilipomwona Darius. Ameganda. Anamwangalia Leonce. Yule binti wa kucha alikuwa amesogea mbele mpaka ukingoni mwa kiti chake. Mimi ndiye niliyesema anafuata upepo.

Siku ya tatu wakatoka. Yule mwenye shingo nene ndiye aliyekuwa msemaji wao. Akasema Darius hawajibiki kwa kosa lile, kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Jinsi walivyofikia hapo sijui, na sitajua, maana sheria ya hapa inawafunga midomo maisha yao yote, hata kwa waume na wake zao. Watu niliowachukia kwa kucha na shingo zao walisikiliza kanda yetu kuliko tulivyowahi kuisikiliza sisi wenyewe. Darius alikuwa analia. Dawa zilishamrudishia akili kiasi cha kujua amemuua nani.

Épiphanie hawakumfukuza kazi. Walimhamishia jikoni, kuosha vyombo, asiguse wazee tena. Aliniambia ni sawa, ningefanya hivyohivyo ningekuwa wao.

Ungedhani mchungaji angejificha. Aka! Wiki mbili baadaye akatangaza Jumapili ya shukrani: Mungu ameshinda mahakamani, maombi yamemtoa kijana wetu jela. Kijana wetu, sasa! Akampigia Épiphanie simu, eti aje atoe ushuhuda. Nami nikaambiwa dada amekubali. Nilimshangaa sana, nikafikiri amechoka, anataka tu watu wamsalimie tena kwenye lifti.

Alikuja na sare ya jikoni. Kiti cha Iteka kilikuwa wazi, kama kilivyokuwa tangu kesi. Kamera ilikuwa inawaka. Mchungaji Bernard akampa maiki kwa mikono miwili na tabasamu lake lote.

"Naitwa Épiphanie," akasema. "Darius hakuwa amepona. Nilijua, nikasimama hapa nikasema amepona, na vidonge nikavitupa, kwa sababu mliniambia na kwa sababu nilitaka mnipende. Leonce amekufa."

Akanyamaza pale, pumzi tu, kama mtu yeyote anavyonyamaza katikati ya ushuhuda. Na mpiga kinanda, kwa mazoea, akabonyeza. Na ukumbi mzima, kwa mazoea, ukajibu, "Amina!" Makofi yakapigwa. Sio watu wabaya. Walikuwa hawajamsikia tu.

Mimi nilikuwa nimemsikia, kila neno. Nilikuwa palepale mstari wa mbele, na viganja vyangu vilikuwa vimeshakutana. Épiphanie aliniangalia mikono, akaweka maiki juu ya kiti cha Iteka, akatoka nje kuwahi basi.